Umeme wa Katekista

Katekista wetu alikuwa na dhambi mbili alizozikiri hadharani, ugoro na hasira, na nyingine kadhaa ambazo tulizijua bila kuambiwa. Alikuwa mfupi wa kifua kipana, na alitembea kama mtu anayekwenda kugombana hata alipokuwa anakwenda kubariki nyumba. Padri alifika kijijini kwetu mara moja kwa mwezi, tena kama barabara imekubali. Jumapili nyingine zote Katekista ndiye aliyeongoza ibada. Siku sita zilizobaki alituuzia umeme.

Nasema alituuzia kwa sababu wapo watu hapa Tarime wanaosimulia habari zake kana kwamba alikuwa mtakatifu aliyegawa taa bure. Hakugawa kitu yule mzee. Taa moja ilikuwa debe la mahindi kwa msimu, au kuku wawili, au pesa kama unayo. Juu ya hapo kulikuwa na zamu ya mfereji: kila nyumba yenye taa ilipangiwa Jumamosi yake ya kwenda kuzoa tope kwenye mfereji ulioleta maji kwenye mtambo. Hiyo zamu ilikuwa na uzito kuliko mahindi. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kutuma kibarua badala yake, na Katekista akamrudisha kibarua akiwa na jembe lake safi begani.

"Mwambie tajiri wako taa inamtaka yeye mwenyewe," alimwagiza. "Wewe nenda kapumzike."

Mimi nilikuwa kinyozi. Nilikuwa na kibanda cha mabati, kioo kimoja chenye ufa, na mashine ya kunyolea iliyokuwa haifanyi kazi mpaka Katekista aliponivutia waya. Ndiyo maana habari hii naijua mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake ni aibu yangu.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Matongo, na kule chini kwenye machimbo makubwa taa ziliwaka kama mji. Sisi tuliozitazama kutoka mlimani tulikuwa na koroboi. Watu walikuja na sururu kutoka kila upande, wengine walikuja na viatu vya harusi, na kila aliyekuwa na shamba alilitazama upya akijiuliza kuna nini chini ya mihogo. Katikati ya wazimu huo Katekista alichukua kijito kinachoshuka nyuma ya kanisa, akakijengea ukuta wa mawe ili maji yakusanyike, akatengeneza gurudumu kwa mapipa yaliyokatwa nusu, akalifunga kwenye ekseli ya lori. Mkanda wa mashine ya kusaga ulitoka kwenye gurudumu ukaenda kuzungusha jenereta ambayo injini yake ilikuwa imekufa zamani, ila kichwa chake cha umeme kilikuwa bado kizima.

Jenereta hiyo aliipata kwa muuza spea mmoja wa Tarime mjini, Mwislamu mwenye asili ya Tanga, rafiki yake wa kuchokozana miaka yote. Huyo muuza spea alipanda kijijini mara moja kuja kuhakikisha kwa macho yake.

"Mimi nimekuuzia jenereta haina injini," alisema akilitazama gurudumu linavyozunguka. "Wewe unaniambia inawasha taa. Huu ni muujiza au ni wizi?"

"Miujiza tunayo sisi na nyinyi pia mnayo," Katekista akamjibu. "Wizi ni ile bei uliyonitoza."

Nguzo zilikuwa mikaratusi ya parokia, iliyokatwa bila kuulizwa mtu, na waya ulipita kwenye shingo za chupa za soda zilizopigiliwa juu. Padri alipokuja mwezi ule na kuona msitu wake una mapengo, alimwita pembeni. Sisi tulisogea ili tusikie.

"Nimezikopa kwa niaba ya Roho Mtakatifu," Katekista alisema. "Na bado zimesimama kwenye parokia yako, padri. Zimesogea tu."

Umeme ule ulitosha nyumba kumi, kanisa, na kibanda changu. Kwake mwenyewe Katekista alitumia koroboi. Wageni walishangaa sana kukuta muuza umeme anasomea ibada kwenye moshi, na mke wake alilalamika mpaka akachoka. Watu walimshauri ajivutie angalau taa moja ya sebuleni.

"Kumi na mbili zinatosha," alisema. "Bwana mwenyewe alichukua kumi na wawili, na bado mmoja akamponyoka."

Ukweli mwingine ni kwamba aliuogopa. Sikuwahi kumwona akigusa swichi kwa kidole. Alibonyeza kwa kijiti kikavu cha mtama alichokiweka mfukoni pamoja na ugoro, huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza. Tulimcheka waziwazi. Alisema yeye anaujua umeme huo tangu ukiwa maji, na ndiyo maana anauheshimu.

Lakini kitu kilichompandisha mori zaidi ya shetani ni pasi ya umeme. Mtambo ule uliweza taa na mashine yangu, basi. Mtu mmoja akichomeka pasi, taa za kijiji kizima ziligeuka nyekundu na kufifia, na mashine yangu ikaanza kung'oa nywele badala ya kuzikata. Wateja walipiga kelele. Katekista alitoka nyumbani kwake na kuufuata waya, nyumba hadi nyumba, akinusa madirishani. Walipojifunza kuzima na kuficha pasi mara wanaposikia viatu vyake, alibadilisha mbinu. Akaanza kukagua suruali.

Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa akisalimia waumini, macho yake yakiwa chini ya magoti. Suruali yenye mstari ulionyooka ilikuwa na kesi ya kujibu. Mwenye pasi ya mkaa alitakiwa kusema alipata mkaa wapi. Basi watu wakaanza kuja ibadani wamekunjamana. Wanaume wenye heshima zao, wazee wa kanisa, walikalia suruali zao nusu saa kabla ya kutoka nyumbani ili zisionekane zimenyooka, na mwenyekiti wa kitongoji alikuja siku moja na shati kama limetafunwa na ndama. Padri alidhani tumefilisika na akatuombea.

Mama Ghati, aliyekuwa na nyumba ya tatu kutoka kanisani na mdomo wa kwanza kijijini, alikamatwa hata hivyo. Alisahau kukunja kitambaa cha kichwani.

"Katekista, hii nilinyoosha kwa mikono," alijitetea.

"Mama Ghati, mikono yako ingekuwa na moto hivyo, mume wako asingekuwa anakohoa kila siku."

Kanisa zima likacheka, mume akiwemo, na Mama Ghati akakatiwa umeme wiki mbili. Adhabu yake ilikuwa hiyo siku zote. Hakumpeleka mtu kwa mtendaji, hakumtaja mtu kwa padri. Alipanda ngazi, akafungua waya wako, akaukunja vizuri na kukuachia mlangoni. Ukitubu unamfuata na jembe.

Na tulitubu sana, maana kosa letu kubwa halikuwa pasi. Lilikuwa maji. Juu ya mfereji, kijito kilipita kwenye mashamba ya watu walewale waliokuwa na taa, na kila mmoja wao alikuwa na karai lake na mchanga wake wa dhahabu aliousomba kutoka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Kuosha mchanga kunataka maji mengi. Mtu alikata kijito kidogo tu, akayaelekeza maji kwenye mwalo wake wa kuoshea mchanga nyuma ya nyumba. Na jirani yake naye kidogo tu. Jioni wote wakarudi ndani, wakabonyeza swichi, wakakuta taa imekuwa nyekundu, wakatoka kwa hasira kwenda kumlalamikia Katekista kwamba anawauzia umeme mbovu.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu alivaa mabuti, akachukua jembe, akapanda kijito akiziba kila tundu huku akitaja jina la mwenye shamba kwa sauti, kama anasoma litania. Hakuna aliyeona aibu. Wiki iliyofuata walikata tena. Mimi mwenyewe niliwahi kuosha mchanga siku nzima kwenye kijito kile, kisha nikamwambia kwa uso mkavu kwamba mashine yangu haina nguvu.

"Hii maji unayotumia kuosha mawe ndiyo hiyohiyo inanyoa vichwa, mura," aliniambia, kama wazee wetu wanavyowaita vijana. "Chagua moja. Huwezi kunywa uji na kuuanika."

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, aliyoitunga mwenyewe papo hapo. Watu waliomwambia kwamba wanasubiri umeme wa gridi aliwajibu: "Ukitaka mwanga wa mbali, msubiri Yesu. Ukitaka wa karibu, njoo na jembe." Mwenye duara mmoja mkubwa, jamaa wa miraba minne aliyevaa mkufu mnene, alikuja na pesa mkononi akitaka kuununua umeme wote, mchana na usiku, wa kuendeshea pampu ya kutolea maji shimoni. Alitaja kiasi ambacho kingemjengea Katekista nyumba ya tofali za kuchoma. Katekista alivuta ugoro wake, akapiga chafya, akasema umeme huu una watu wake. Mke wake hakuzungumza naye siku tatu. Nami nilimwona mjinga, nakiri.

Sasa nifike kwenye ukuta. Sehemu yote ya mfereji tulisafisha sisi, ila pale kwenye ukuta wa kukusanyia maji hakuruhusu mtu. Alizibua mwenyewe, peke yake, na uvumi ukawa kwamba amezika dawa pale, kwamba katekista gani huyu. Siku moja ya zamu yangu nilimaliza mapema nikaenda kuazima koleo lake. Nilimkuta ndani ya maji hadi mapajani, anachomoa jiwe lililolegea. Aliligeuza, akalitazama, akalisukuma tena ukutani upande ule mwingine na kulikandika udongo haraka.

Kabla ya unyozi nilibeba mawe kwenye maduara mwaka mzima. Jiwe jeupe lenye mshipa wa njano nalijua hata likiwa limelowa. Nilitazama ukuta ule vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameujenga kwa mawe aliyoyatoa palepale alipochimbia bwawa, na mengi yalikuwa meupe, na yote alikuwa ameyageuza, upande wa mshipa ndani.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Sijaona kitu, tata," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu.

"Vizuri. Kwa sababu siku ukiona, wote tutalala gizani. Watachimbua hapa mpaka kijito kisahau njia."

"Na wewe hutaki hata jiwe moja?"

"Nikichukua moja nitataka la pili," alisema. "Mimi najijua. Nina hasira na nina ugoro, nisiongezewe cha tatu."

Nilimwapia kwamba sitasema. Akanipa koleo.

Nilikaa na siri hiyo miaka miwili, na nataka mtu yeyote anayesoma haya ajue kwamba miaka miwili ni mingi kwa kinyozi. Watu wanakaa kwenye kiti changu wakinimwagia mambo ya wake zao, ya ng'ombe zao, ya ndugu zao. Mimi sikuwa na la kuwapa isipokuwa bei ya nyembe. Nilipokuwa nanyoa nilijisikia nimebeba kitu kizito kuliko vyote walivyonavyo, na hakuna anayejua kwamba nimekibeba. Hiyo ndiyo iliyoniangusha. Laiti ningeweza kusema nilihongwa.

Alhamisi moja yule mwenye duara, wa pampu, alikuja kunyolewa. Kesho yake alikuwa anakwenda kwa wakwe kupanga ng'ombe wa mahari, na alitaka kichwa king'ae. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto mashine ilipoanza kuishiwa sauti, ikanguruma chini, ikazima. Tulijua sote kilichotokea, au mimi nilijua: vijana wake mwenyewe walikuwa wameuziba mfereji kule juu wakiosha mchanga wake. Yeye alijitazama kwenye kioo chenye ufa, nusu kichwa kina nywele na nusu hakina, akaanza kumtukana Katekista. Mzee mwendawazimu. Mzee maskini anayejifanya ana mali. Anakataa hela za watu wakati hata taa ya sebuleni hana.

Nilikasirika. Nilimpenda yule mzee, ingawa sikuwa nimelijua hilo hadi nilipomsikia akitukanwa. Nikiwa na mkasi mkononi, namalizia upande wa kulia kwa shida, nilimwambia:

"Usimwite maskini. Yule mzee amekalia dhahabu kuliko wewe. Ule ukuta wake wote ni mawe ya mshipa. Ameyaona na ameyaacha."

Nilisema kwa majivuno, kana kwamba ukuta ni wangu. Mwenye duara aliacha kutukana, akangoja nimalize, akalipa, akavaa kofia na kuondoka. Nilibaki nimeshika mkasi, nikajiambia kwamba hakusikia vizuri.

Jumapili ile padri hakuja. Katekista alivaa kanzu yake nyeupe na kuongoza ibada chini ya ile taa ya kanisa, ambayo aliiwasha kila Jumapili hata jua likiwa kali, kwa fahari tu. Alikuwa kwenye mahubiri kijana mmoja alipotoka ameshika tumbo. Akafuata mwingine. Nilidhani ni pombe ya Jumamosi. Kisha akatoka mume wa Mama Ghati, mtu ambaye hajawahi kutoka ibadani hata siku mvua ilipoezua bati, na nikaelewa. Upande wa wanaume ulipungua benchi baada ya benchi, wanainama wakipita kana kwamba kuinama kunamfanya mtu asionekane. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa mwoga wa kwenda nao na mwoga wa kusimama kusema.

Tulikuwa katikati ya Baba Yetu taa ilipogeuka nyekundu. Wanawake wakainua vichwa. Ikafifia, ikabaki uzi, ikazima. Katekista alivuta pumzi moja, akaendelea kutoka palepale alipoishia. Alimaliza sala zote. Akasoma matangazo, yote, hakuruka hata moja: mchango wa bati, ndoa mbili, mgonjwa wa kutembelewa.

"Na Jumamosi ijayo zamu ya mfereji ni ya kinyozi," akasoma, akakunja karatasi.

Hakukimbia. Alipanda mlima kwa mwendo wake ule wa siku zote, na sisi tuliobaki tukamfuata. Ukuta ulikuwa umeshabomolewa nusu. Walikuwa pale na nyundo, sururu na makarai, mwenye duara akisimamia, na kati ya wote waliokuwa wanabomoa sikuhesabu hata watano wasiokuwa na taa ya Katekista majumbani mwao. Walikuwa na majembe yaleyale ya zamu. Maji yalikuwa yanateremka ovyo kwenye majani, na gurudumu lilisimama likidondosha matone. Mtu mmoja akaja anashuka na jiwe kifuani, akakutana na Katekista uso kwa uso, na kwa sababu ya mazoea ya maisha yote akamsalimu:

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele na milele, amina," akaitika. "Shika vizuri hilo, litakuponda mguu."

Hakusema kingine siku ile. Nilisubiri hasira yake, ile aliyoitumia kwa vitambaa vya kichwani, nikitamani itoke itupige wote. Alikaa juu ya ekseli akatazama mpaka jiwe la mwisho. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama kumwona ametulia vile.

Dhahabu yenyewe haikuwa nyingi kama nilivyojigamba. Mwenye duara aliondoka na ya maana, wawili watatu wakanunua pikipiki, wengi wakapata vumbi na chembe za kutosha kilo chache za nyama. Shimo lilibaki, na kijito kikapotelea humo. Wiki iliyofuata Katekista alianza kuondoa waya zake, nyumba hadi nyumba, akiukunja kila mmoja kwa utaratibu uleule wa adhabu, ila safari hii hakuziacha milangoni. Watu walimkaribisha chai, na aliinywa. Kwangu alikuja mwisho.

"Nishikie ngazi, mura."

Nikaishika. Alikuwa juu na koleo lake la kukatia waya, na ngazi ilikuwa inagonga bati la kibanda, ta ta ta, kwa sababu mikono yangu haikutaka kutulia.

"Unatetemeka nini?" alisema kutoka juu. "Hakuna umeme humu."

Alishuka, akanipa mkono, akaondoka na waya wake begani. Mwezi huohuo alihama na mkewe kwenda kwa binti yao wilaya ya Serengeti. Nilipofunga kibanda jioni ya siku ile ya ngazi nililia, na sikumwambia mtu kwa nini.

Umeme wa gridi ulikuja miaka kadhaa baadaye, ukapita kijijini juu ya nguzo ndefu zilizonyooka. Watu wakanyoosha suruali mpaka za kulalia. Mimi nilihamia Tarime, nikafungua saluni ya viti vitatu, na umeme nanunua kwenye simu kutoka kwa watu nisiowajua. Haufifii. Ukikatika, hakuna wa kumfuata na jembe. Wateja wananiambia mambo yao kama zamani, na mimi siku hizi nasema "hee" na "kweli" tu.

Mwaka jana nilikwenda Mugumu, kule Serengeti, kwenye harusi, nikasikia kwamba Katekista bado yuko hai, anaishi Morotonga. Nilinunua sukari na sabuni, nikapanda bodaboda. Nilimkuta mchana uani kwa binti yake, amekaa juu ya mkeka, anachambua maharage kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Mkewe alikuwa amefariki. Kifua kilikuwa kimenywea, lakini alikuwa amejipaka ugoro mpaka kwenye masharubu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Nani huyo? Subiri." Akainamisha kichwa. "Wewe ni yule anayeng'oa watu nywele."

Tulicheka. Aliniuliza habari za kila nyumba, nani amekufa, nani ameoa, Mama Ghati bado ana mdomo. Nikamjibu. Nilimwuliza wao hapa wanatumia umeme gani, akasema mkwe wake ana sola juu ya bati, yeye haigusi. Maneno yakaisha. Nilikuwa nimeyapanga mengine njia nzima juu ya bodaboda, mazuri, yenye mpangilio, na yote yakanipotea.

"Ni mimi," nikasema. "Mambo ya ukuta. Ni mimi niliyesema. Nilimwambia yule mwenye duara nikiwa namnyoa, na hakunipa hata senti, nilisema tu."

Vidole vyake viliendelea kwenye maharage. Akatupa jiwe dogo pembeni.

"Nisamehe, Katekista."

"Mimi sio padri," alisema. "Kuondolea watu dhambi sikupewa. Mimi nilipewa kuwakatia umeme, na wewe huo ulijikatia mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Niliinamia sukari yangu. Sikujua kama nimesamehewa au nimefukuzwa, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuaga binti yake alipotoka jikoni na sinia la ugali na mboga ya kunde, na wajukuu wanne wakakimbia kutoka kila pembe ya ua wakazunguka sinia, mmoja akinisukuma kwa kiwiko ili apate nafasi.

"Nawa, mgeni," binti akaniambia. "Baba hali mpaka amesali, na sala zake ni ndefu, utavumilia."

Katekista akavua kofia. Akashukuru kwa ugali, kwa mvua, kwa sola ya mkwe wake. Kisha akaanza kutaja nyumba. Alizitaja moja moja, kwa mpangilio wa waya kutoka mtamboni, na Mama Ghati na mumewe, na wale wa pikipiki, hadi zikatimia kumi, akaliombea na kanisa. Watoto walikuwa wanatazama ugali. Nilifumba macho nikangoja aseme amina.

"Na yule kinyozi, Bwana," akasema, "umfupishie ulimi na umrefushie siku."

Watoto wote wanne waliyasema maneno hayo pamoja naye, harakaharaka, kwa sauti moja, kama yanavyosemwa maneno ya mwisho ya sala iliyozoeleka, na wakaitikia amina mikono ikiwa tayari kwenye sinia. Hakuna aliyeniangalia. Hawakujua kinyozi ni nani. Kwao yalikuwa maneno ya kabla ya ugali.